Galaksi Nilizoziona Peke Yangu

Dunguni kwa Mama,
ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro.
9 Juni 1998

Kaka yangu mpendwa Fulgensi,

Shikamoo. Naitanguliza mapema na kwa unyenyekevu wote, kwa sababu najua ukiona stempu ya Ifakara kwenye bahasha badala ya ile yenye kichwa cha malkia, utakunja uso hata kabla hujaichana. Ichane hivyo hivyo. Habari za Mpika na reli yenu huko Zambia? Wifi Leticia hajambo? Mgongo wake umepoa au bado anaukanda kwa maji ya moto? Na watoto wanaendeleaje na masomo? Yule mkubwa bado analala na viatu vya shule miguuni? Sisi huku tu wazima kwa jumla. Tunakula, tunalala, mbu wanatula na sisi tunawapiga. Mama anakusalimu sana. Yuko hapa hapa chini ya dungu la kulindia mpunga, anapukuchua mahindi na kunung'unika kwamba nimeshika kalamu tangu asubuhi.

Usishangae karatasi. Vitone vyeusi unavyoviona upande wa pili si wino uliomwagika, ni anga. Madaftari yaliisha na dukani Lupiro hayakuwepo, nami nina lundo la ramani ambazo hazina kazi tena. Kwa nini hazina kazi, utaelewa huko mbele.

Barua yako ya mwezi wa tano nimeipata. Ilikuwa ndefu, lakini swali lake lilikuwa moja, umelirudia kila ukurasa kama mtu anayegonga mlango: ninarudi lini Uingereza? Umeuliza kama nilikwenda huko kusoma au kutalii. Umeuliza kama nimeolewa na mpunga. Umesema umeshazungumza na paroko kuhusu misa ya shukrani ya mwezi wa nane, nitakapokuwa daktari, na kwamba ng'ombe ameshaangaliwa. Kaka, hilo la ng'ombe limeniumiza kuliko maneno makali yote. Swali lako nitalijibu, lakini niache nifike polepole, maana nikilijibu hapa utaikunja barua na kuitupa.

Kwanza ujue kwamba sijatulia. Wewe unanijua, hata nilipokuwa mdogo Mama alisema mimi hukaa juu ya mkeka kana kwamba una sisimizi. Sasa imezidi. Naamka nataka kuvuka mto niende Ifakara, nikifika kivukoni nataka kurudi. Naanza kupika nakumbuka ramani, nachukua ramani nakumbuka ndege. Barua hii yenyewe nimeianza mara nyingi, na moja iliishia kuwashia moto.

Uliniambia wifi akikuuliza ninasomea nini unamjibu nyota, halafu unabadilisha mazungumzo. Leo mweleze vizuri. Mwambie hivi: mkaa ukishafunikwa na majivu, wekundu wote umepotea, ukisogeza kiganja juu ya jiko bado unajua kuna moto. Macho hayaoni kitu, lakini mkono unajua. Ile setilaiti tuliyokuwa tukiitumia ilifanya kazi ya huo mkono. Huko mbali kabisa kuna galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili tulimo sisi, na nyingi zimejaa vumbi kiasi kwamba darubini za kawaida haziwezi kuona ndani yake. Vumbi hilo linapashwa moto na nyota zilizomo, nalo linatoa mionzi ya infraredi, ambayo macho ya binadamu hayaioni. Mionzi hiyo inasafiri kuja kwetu safari ndefu kuliko umri wa milima ya Udzungwa. Sasa hewa yetu hii ina joto, kwa hiyo darubini inapelekwa juu, nje ya hewa. Na darubini nayo ina joto lake, kwa hiyo lazima ipozwe mpaka iwe baridi kuliko barafu yoyote unayoijua, kwani huwezi kupima joto la jiko la jirani wakati umekaa juu ya lako. Walijaza heliamu ndani yake, majimaji ya baridi kali, ikawa inatoka kidogo kidogo kama mvuke. Ikiisha, kazi imekwisha, hakuna fundi wa kupanda kwenda kuongeza.

Ikaisha mwezi wa nne, katika Juma Kuu. Siku habari ilipofika ofisini kwetu hakuna aliyefanya kazi. Jane, yule Mwingereza tunayekaa naye chumba kimoja, alileta keki, tukaila tumesimama. Nilijishangaa kuona nasikitika hivyo kwa ajili ya chombo ambacho sijawahi kukigusa. Ndipo profesa akatupa likizo, nami nikaja nyumbani. Niliomba wiki tatu tu. Hilo nililokuandikia lilikuwa kweli wakati nalisema.

Lakini chombo kimekufa, picha zake zimebaki, na kazi iko kwenye picha. Hapo ndipo penye shida. Kule juu kuna chembechembe zinazoruka kila upande, zikigonga kile kipokezi zinaacha alama, na alama hiyo inaweza kukaa muda na kufanana kabisa na galaksi iliyo mbali. Kompyuta inachuja, lakini haimalizi. Kwa hiyo watu watatu, mimi, Jane na Mgiriki mmoja mkimya, kila mmoja peke yake, tunaangalia kitone kimoja kimoja na kusema ndiyo au hapana. Hatutazamani majibu mpaka mwisho. Tangu mwanzo mimi ndiye niliyekuwa na ndiyo nyingi kuliko wenzangu. Jane alikuwa akinitania kwamba Mungu ameniumbia galaksi za kwangu. Nilicheka, na kusema kweli nilijivuna. Utafiti wangu umesimama hapo, kwamba zamani galaksi za namna hiyo zilikuwa nyingi kuliko wataalamu walivyotarajia. Profesa aliwahi kunitaja kwa jina mbele ya ukumbi mzima. Nilikuandikia habari hiyo, nawe ukawasomea wenzako stesheni.

Basi kabla ya likizo, profesa akatupa kila mmoja bahasha ya ramani za kujaribu macho. Nyingine alizitengeneza kwa kompyuta, akapandikiza galaksi za uongo anazozijua yeye. Nyingine hazikuwa na kitu, ni kelele tupu za mashine. Hakutuambia ipi ni ipi. Akasema tuangalie tukiwa tumepumzika, tumpelekee majibu, na mwisho wa mwezi wa sita tukutane wote tukubaliane hesabu ya mwisho ya galaksi zetu. Baada ya kikao hicho hesabu haifunguliwi tena. Ndiyo maana umenishikia bango nirudi, nami ndiyo maana silali usingizi wa maana. Asiyekuwepo kikaoni hana wa kumtetea.

Nikafika Ifakara na ramani zangu begani. Njia unaisikia redioni, mvua za El Nino zimeila mpaka mifupa. Nyumbani Lipangalala nikakuta kufuli. Jirani akaniambia Mama ameshahamia shambani tangu maji yapungue kidogo. Mpunga wa kwanza ulizama, akapanda tena kwa kuchelewa, na sasa asingeuacha hata kwa siku moja. Nikavuka mto kwa kivuko, nikapata lifti ya baiskeli, nikamkuta juu ya dungu lake, kamba za makopo mkononi. Nilimwita kutoka njiani. Aligeuka, akatabasamu upande ule ambao sauti ilitoka, akauliza ni nani. Nilidhani jua lilikuwa machoni mwake.

Unakumbuka jinsi tunavyoamia ndege huku. Au labda reli imekusahaulisha. Mpunga ukiwa kwenye maziwa, punje bado laini, kweleakwelea wakiachwa muda wa kuchemsha chai wanabakiza mabua. Kila shamba lina dungu lake. Anayewaona kwanza anapiga yowe na kuvuta makopo, jirani analipokea yowe, na yule wa mbele yake anapokea tena, mpaka kundi lote lisukumwe kutoka shamba hadi shamba bila kutua. Hakuna anayengoja kuwaona mwenyewe. Ukisikia jirani amepaza, na wewe unapaza. Ukiona kivuli, unapaza. Mama alitufundisha hivyo tukiwa bado tunapandishwa ngazi kwa kubebwa: yowe la bure linakula pumzi tu, lakini ndege aliyenyamaziwa anakula chakula cha mwaka.

Jirani yetu wa upande wa mashariki ni Mama Verediana, rafiki wa Mama tangu ujana wao kule Mahenge. Mwaka huu hayupo. Binti yake amejifungua mapacha Mchombe, hali yake si nzuri, na mama wa watu ameamua kukaa naye mpaka mavuno yaishe. Shamba lake amemwachia mtu ambaye anakuja akijisikia. Upande wa pili ni mto. Kwa hiyo Mama alikuwa peke yake, nami nikajiambia nitamsaidia hizo wiki zangu tatu, kisha niondoke.

Nikawa napanda dunguni na bahasha ya profesa. Mama anaangalia mpunga, mimi naangalia ramani, kila mmoja na shamba lake. Nilikuwa na furaha, kaka, usione nalalamika tu. Mama ananiuliza nimepata ngapi, namwambia, anasema hongera. Nilimaliza, nikapeleka majibu Ifakara, masista wakanisaidia kuyatuma kwa faksi. Baada ya siku kadhaa nikarudi kuangalia jibu.

Jibu lilikuwa fupi. Jane aliona karibu zote zilizopandikizwa na akaziacha zile ramani tupu zikiwa tupu. Mgiriki naye vilevile, alikosea kidogo. Mimi zile zilizopandikizwa niliziona zote, hakuna iliyonipita hata ile iliyofifia kabisa. Lakini na zile ramani tupu nilizijaza. Nilikuwa nimeona galaksi mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote. Profesa aliandika kwa adabu, kama kawaida yake, kwamba yale niliyoyakubali peke yangu kwenye picha za kweli sasa yana mashaka, na kwamba nije kikaoni niyatetee, moja baada ya jingine, la sivyo wenzangu watayaondoa.

Nilirudi kivukoni nikiwa na hasira mpaka masikio yanawaka. Nilisema wananionea. Nilisema wangekuwa wao ndio waliotoka Ifakara, na mimi nimetoka kwao, wasingenitungia mtihani. Nilikuwa tayari kuondoka kesho yake, na kama kungekuwa na basi usiku ule ningepanda na hizo hizo nguo. Mama aliponiuliza kulikoni nilimjibu vibaya, nikaenda kukaa pembeni na ramani zangu, nikaanza kuzipitia tena ili niwaonyeshe.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilikuwa nimezama humo. Nilipoinua kichwa, kundi la ndege lilikuwa limeshatua kwenye kona ya shamba, karibu kabisa na dungu, mpunga unatikisika. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameketi akielekea pale pale, uso wake na ndege wale vinatazamana, mikono imelala mapajani, anaimba wimbo wa kanisani taratibu. Nilipiga yowe mimi, naye papo hapo akalipokea na kuvuta makopo. Aliyavuta ya upande wa pili.

Nilijiambia amechoka. Lakini akili ikishashika jambo haiachii. Siku hiyo na iliyofuata nikawa namwangalia yeye badala ya ramani. Alikuwa akipaza sauti, tena mara nyingi kuliko zamani, lakini hakuwa akipaza kwa sababu ya ndege. Alipaza baada ya kila beti mbili tatu za wimbo, wawepo wasiwepo. Basi nikafanya jambo ambalo hata kukuandikia naona haya: nikamfanyia mtihani, kama ule niliofanyiwa mimi. Ndege wakitua nanyamaza, nione. Walitua asubuhi, nikanyamaza. Wakatua mchana, nikanyamaza. Uliokuwa unaliwa ni mpunga wake mwenyewe, nami nimekaa kama hakimu.

Mara ya tatu aliacha kuimba. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba niwafukuze hao ndege, nimemjaribu vya kutosha. Nilimuuliza amejuaje kuwa wapo. Akasema wakitua karatasi zangu zinanyamaza, siku zote nafunua funua, lakini wao wakija mkono wangu unasimama.

Kaka, Mama haoni. Ndilo jambo lililonifunga huku, na ndilo nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Jicho la kulia lilianza na ukungu tangu msimu wa mwaka juzi, la kushoto likafuata. Sasa anatofautisha mwanga na kivuli, na mtu akisimama karibu anaona kwamba kuna mtu. Mwaka jana alivuna kwa sababu ya Mama Verediana. Yeye ndiye aliyekuwa akiona, anapaza, Mama anapokea. Hakuna aliyegundua, maana nani atamhoji mtu kwa kupokea yowe? Zile barua zake zilizokoma, ambazo wewe ulisema ni uvivu wa uzee na mimi nikakubali, hazikuwa uvivu.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alinijibu kwa kuniuliza kama nimemwona Baba mdogo Melkiori akipita na baiskeli. Nilikuwa nimemwona, anapita karibu kila wiki, anasalimia vizuri, anauliza nani anaamia. Unajua ilivyo kwenye ukoo wetu: shamba la marehemu linabaki kwa mjane maadamu analilima na kuliamia mwenyewe. Siku atakaposhindwa, linarudi kwa ndugu wa mume, na yeye anakwenda kukaa kwa watoto. Mama anajua ukisikia utakuja kumchukua umpeleke Mpika kwa moyo mwema kabisa, akae kwenye kiti uani, wifi amletee chai. Alisema chai ya Leticia anaipenda, lakini kiti hakitaki. Nilitaka tutafute mtu wa kulipwa awe anamwonea ndege, akakataa katakata. Mtu wa kulipwa ana mdomo, na Lupiro ni ndogo.

Kwa hiyo nikaelewa kwa nini anapaza ovyo. Haoni ndege, basi anapaza kila wakati ili wasipate nafasi. Nami nikajiona. Kule kwenye ramani nilikuwa nafanya hivyo hivyo, na wala sina ukungu machoni. Niliogopa kunyamazia moja ya kweli, basi nikapigia yowe kila kivuli. Shambani hiyo ni akili. Kwenye kazi ile ni uharibifu, kwa sababu ukihesabu vivuli, hesabu yote ya mbinguni inakuwa ya uongo. Hasira yangu kwa profesa iliisha hapo hapo, na kuisha kwake kuliuma kuliko yenyewe.

Wiki iliyopita nilivuka mto, nikapanga foleni ya simu posta karibu asubuhi nzima, nikampata profesa. Nilimwambia sitaweza kuja kikaoni, mama yangu mgonjwa, na mpunga hauna mtu. Kisha nikamweleza habari za ndege. Nilidhani atacheka. Badala yake akasema hajawahi kupewa maelezo yanayoeleweka kama hayo. Akaniuliza basi yafanyike nini na vile vitone nilivyovikubali peke yangu. Angenisubiri, nadhani. Alikuwa anataka nimwombe anisubiri. Nilimwambia avifute.

Nililia pale posta, mbele ya foleni, mzee mmoja akanipa pole akidhani nimepata habari ya msiba. Sikulilia cheo. Nalilia kwamba inawezekana kabisa miongoni mwao zimo za kweli. Labda chache, labda nusu. Heliamu imeisha, hakuna tena mkono wa kurudisha pale juu ya jiko, na itapita miaka mingi kabla ya kurushwa mwingine mkubwa zaidi. Ziko pale, zinatoa joto lake, na kwenye kitabu chetu hazimo. Mimi ndiye niliyezitoa.

Sasa jibu la swali lako. Sirudi mwezi huu. Nitarudi mpunga ukishaingia ghalani, mwezi wa saba mwishoni, nianze upya sura mbili za utafiti kwa hesabu ndogo iliyobaki. Udaktari hautakuwa mwezi wa nane, huenda usiwe mwaka huu. Mwambie paroko. Mwachie ng'ombe wa watu. Najua ulivyojinyima nisome, na najua umeshawatangazia wenzako. Unaruhusiwa kukasirika, lakini kasirika ukiwa huko, ukifika huku uwe umemaliza.

Maana nataka ufike. Nimekwenda hospitalini Ifakara kuuliza bila kumtaja, wakaniambia bila kumwona hawawezi kusema. Huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao hupasuliwa na mtu akaona, huenda ni kitu kingine kisichorudi. Mama amekubali kupimwa baada ya mavuno, si kabla, na kwa sharti kwamba Baba mdogo asijue mpaka majibu yatoke. Mimi nitakuwa naondoka, Mama Verediana hana uhakika wa kurudi. Inabidi mtu mwingine wa nyumba hii ajue ukweli, na mtu huyo ni wewe.

Hapa niliweka kalamu jana. Leo Mama alidai nimsomee nilichoandika, nikamsomea kwa sauti nikiwa juu ya dungu na yeye chini na mahindi yake. Alicheka palipo na keki. Nilipofika mahali pa macho yake nikaruka, nikashukia posta, sauti ile ile, hata pumzi sikubadilisha. Aliniacha nimalize mpaka mwisho. Kisha akaniambia nirudi nyuma, kuna mahali nimeruka vipago vya ngazi.

Nikamsomea vyote. Habari ya mtihani, ya kamba za upande usio wake, ya Baba mdogo, ya kiti cha uani. Alipukuchua gunzi lile mpaka likaisha, akalitupa, akachukua jingine. Niliogopa atasema niichane barua, na kama angesema ningeichana.

Msalimie sana wifi Leticia, umwambie hayo ya kiti ayapokee kwa moyo mweupe, hayakusemwa kwa ubaya. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao. Wasalimie na wenzako wa stesheni, hata wale watakaokucheka. Na haya ya mwisho si yangu. Mama amesema niyaandike kama alivyoyatamka, nisiongeze wala kupunguza: Fulgensi mwanangu, aliyoandika mdogo wako ni kweli, na mimi ndiye niliyemwambia asiyafute. Usije kunichukua. Njoo tuvune.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Levina